Uliza Shangazi: Yule Dolly kwenye sanduku la babu ni nani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi nipo Tukuyu. Babu yetu (marehemu) alienda Sauzi enzi za Wenela (wale waliokuwa wakiandikisha vibarua wa migodini), alipiga kazi migodini Johannesburg miaka ya 50 akarudi na gramafoni na sanduku la bati. Juzi tunalisafisha tukakuta kipande cha gazeti kina picha ya mdada mrembo balaa, chini babu kaandika kwa penseli DOLLY. Bibi anasema huyo ni Miriam Makeba tuache ubishi, mjomba yeye anasema ni hawara wa babu. Tusaidie kabla nyumba haijawaka moto.

JIBU: Marahaba mwanangu, ndaga fijo kwa swali. Picha uliyotuma nimeiangalia, mjomba awe mpole tu, huyo hakuwa wa babu peke yake, nusu ya wanaume wa Johannesburg walikuwa na picha yake ukutani. Ni Dolly Rathebe, mwimbaji wa jazz na mwigizaji. Na bibi mwambieni kwa adabu kwamba Makeba alikuja nyuma, Dolly kazaliwa 1928 Randfontein, Makeba 1932.

Jina lake la kuzaliwa ni Josephine Malatsi, hilo Rathebe alijichukulia tu. Kakulia Sophiatown, mtaa wa Johannesburg uliojaa muziki, wahuni, waandishi na pombe, watu weusi waliweza hata kumiliki viwanja pale, kitu ambacho serikali ya makaburu haikukipenda hata kidogo. Kuna siku alikuwa anaimba kwenye pikiniki, watu wa kutafuta vipaji wakamsikia, na 1949 akatokea kwenye filamu ya Jim Comes to Jo'burg. Humo kuna kijana anatoka kijijini anaingia mjini anaporwa hapohapo, kama hawa wetu wanaoshuka Mbezi na begi moja, halafu anahangaika na vibarua mpaka anafika klabu ya usiku ambako Dolly ndo anaimba. Filamu ya bei rahisi kwa kweli, ila fikiria mtu wa mgodini anaketi gizani anaona kwenye skrini mwanamke mweusi kavaa gauni la kung'aa, hafui nguo za mzungu, hapigi deki, anaimba na watu wananyamaza kumsikiliza. Babu yako alikunja hilo gazeti akalileta mpaka Rungwe, mi simshangai. 1951 akaongeza nyingine, The Magic Garden.

Sasa gazeti lenyewe. Lililomkuza sana ni Drum, lilisomwa Sauzi na baadaye mpaka huku kwetu Afrika Mashariki. Mpiga picha wao Jürgen Schadeberg, Mjerumani, alimpandisha juu ya kilima cha vifusi vya mgodi wa dhahabu akampiga picha na bikini, polisi wakawaona wakawadaka, maana mzungu na mwanamke mweusi wako wawili tu huko juu basi wao wakajua ni mambo ya kitandani, na sheria ilikataza. Picha ikatoka hivyohivyo ikawa maarufu mpaka leo.

Kinachonichekesha na kuniudhi kwa pamoja (mimi nikiwa mwenye safu kama hii) ni kwamba Drum walikuwa na ukurasa wa ushauri wa mapenzi unaitwa Dear Dolly. Watu wanamwandikia Dolly shida zao, mume hivi, mchumba vile, kumbe wanaojibu ni wanaume wa ofisini! Jina la dada wa watu linauza gazeti, yeye hata barua haioni. Hapa kwetu mnajibiwa na Shangazi mwenyewe, ndo maana majibu yanachelewa.

SWALI: Kamwene Shangazi, mi wa Mafinga. Kama huyo Dolly alikuwa mkubwa kiasi hicho mbona Makeba ndo tunamjua?

JIBU: Kamwene. Mi naona ni kwa sababu Makeba alitoka. 1959 alionekana kwenye filamu ya Come Back, Africa, iliyopigwa kwa kuwaficha serikali, akaenda nayo Venice, halafu Marekani, na nyumbani wakamfungia mlango asirudi. Dunia yote ikamjua, sisi akatuimbia mpaka Malaika. Dolly alibaki. Alizunguka na maonyesho ya African Jazz and Variety, ila kuanzia Februari 1955 serikali ilishaanza kuvunja Sophiatown na kuhamisha watu kwa malori, pakajengwa nyumba za wazungu pakaitwa Triomf, yani Ushindi, bila aibu. Kumbi zikafa, wenzake wengi wakakimbia nchi. Yeye akaishia Cape Town, akalea watoto, akafungua shebini, kilabu cha pombe cha nyumbani. Wanaomsikitikia kwa hilo siwaelewi sana, biashara ile ililisha watoto. Miaka ya 80 mwishoni akarudi, kaigiza kwenye Mapantsula ya 1988 na akaimba tena na wazee wenzake wa bendi ya Elite Swingsters, sauti imekuwa nzito na nzuri zaidi kwa maoni yangu. Alifariki 2004 akiwa na miaka 76. Nyimbo zake zimo YouTube, bando lenu tu.

SWALI: Shangazi mi binti wa Makambako, naimba na bendi kwenye hoteli moja hapa Mbeya wikiendi, na kuna watu wa tamthilia wananiita. Mama anataka nichague kimoja. Nifanyeje?

JIBU: Mama ana hofu ya usiku, si ya sanaa, mtafutie boda anayemfahamu akurudishe nyumbani utaona anapoa. Dolly aliingia kwenye filamu kwa mlango wa kuimba, wala hakuacha kimoja. Mi ningekuuliza kuhusu karatasi. Enzi zile wanamuziki walilipwa kishika mkono siku ya kurekodi basi, Solomon Linda wa hukohuko Sauzi, aliyetunga wimbo wa Mbube wa 1939, aliuza haki kwa shilingi 10 na dunia ikatajirika na wimbo wake. Hao wa tamthilia wakikuita waombe mkataba, usisaini siku hiyohiyo, uje nao nyumbani usomwe na mtu anayeelewa, na uangalie hasa pale panaposema sauti na picha yako ni mali ya nani.