Kocha, saa yangu imepitwa kabla sijaizoea

SWALI

Shikamoo Kocha,

Ni msomaji wako wa siku nyingi, ila leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia, na nakuandikia nikiwa na hasira. Nilidunduliza pesa muda mrefu ninunue saa ya michezo. Nikasoma, nikauliza, nikalinganisha, mwisho nikaichukua. Sijamaliza hata ratiba yangu ya kwanza ya mazoezi nayo, kampuni ikatangaza toleo jipya: skrini inang'aa, kuna alama ya asubuhi inayokwambia kama mwili uko tayari kwa mazoezi, na bei inakaribiana na niliyolipa mimi. Ya kwangu ikashushwa bei siku hiyo hiyo. Naamini muuzaji alijua, akanyamaza. Sasa nikiivaa naona kama nimevaa kitu cha zamani. Mume wangu ananiambia niachane nayo, saa ni saa. Je, niiuze upesi kabla haijashuka zaidi, niongezee pesa nichukue mpya? Na je, nina haki ya kulalamika, au ni uroho wangu tu?

Aliyepitwa

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Huo si uroho. Mtu aliyejinyima ili anunue kitu kizuri, halafu akakuta mwenye kiwanda alikuwa ameshaandaa cha kukirithi, ana kila sababu ya kukasirika. Saa ya namna hii haibuniwi kwa wiki mbili. Siku unalipa, toleo jipya lilikuwa limeshakamilika na linasubiri tarehe tu. Muuzaji mpunguzie lawama kidogo, kwa kuwa kampuni hizi hufunga watu wao midomo mpaka saa ya tangazo. Aliyejua kwa hakika ni kampuni.

Kabla hujaendelea kusoma, katafute risiti. Wauzaji wengi huweka muda wa kurudisha bidhaa, na wapo wanaokubali kumrudishia mteja tofauti ya bei ikiwa bei imeshuka muda mfupi baada ya kununua. Waandikie kwa upole, taja tarehe uliyonunua na tarehe bei iliposhuka, na useme wazi unachotaka: kurudisha saa, au kurudishiwa tofauti. Andika leo, kwa sababu muda huo ukipita hakuna lugha tamu itakayoufungua tena.

Sasa tuiangalie saa yenyewe. Hukuitaja kampuni, nami siihitaji, ila nitatumia mfano ambao wakimbiaji wengi wanaujua. Garmin, kampuni ya saa za michezo, walitoa saa yao ya Forerunner 245 mwaka 2019. Iliyoifuata, Forerunner 255, ilikuja Juni 2022, zaidi ya miaka mitatu baadaye. Kisha Machi 2023 ikaja 265, miezi tisa tu tangu 255. Waliokuwa wamenunua 255 kwa kutegemea mwendo ule wa miaka mitatu walijikuta pale ulipo wewe.

Nini kilibadilika baina ya hizo mbili? Skrini ilitoka kwenye aina inayotumia mwanga wa jua kuonekana, ikawa AMOLED inayotoa mwanga wake yenyewe. Ikawa ya kugusa, wakati 255 ilikuwa ya vitufe pekee. Muziki, ambao kwenye 255 ulitaka ununue toleo lake maalumu, ukawa ndani ya zote. Na ikaongezwa ile alama ya asubuhi ya utayari wa mazoezi. Kilichobaki vilevile ni moyo wa saa: sensa ya mapigo ni ya kizazi kile kile, na zote mbili hupokea setilaiti kwa masafa mawili, yaani aina mbili za mawimbi ya redio. Hilo la masafa mawili lina uzito wake. Mawimbi ya setilaiti husafiri zaidi ya kilomita 20,000 kufika mkononi mwako, na kwenye majengo marefu mengine hugonga ukuta kwanza yakachelewa, ndiyo maana ramani ya mbio zako wakati mwingine inaonyesha umepita ndani ya nyumba za watu. Saa inayosikiliza masafa mawili hulitambua wimbi lililochelewa kwa urahisi zaidi. Aliyekuwa na 255 alikuwa nayo hayo tayari. Betri yake kwenye GPS, kwa takwimu za kampuni wenyewe, ni hadi saa 30, na ya 265 ni hadi saa 20. Anayekimbia milimani kutwa nzima angekuwa amelipia upya ili apoteze saa kumi za chaji.

Fanya uchambuzi wa namna hiyo kwa saa yako. Chukua tangazo la toleo jipya, kila sifa iulize: hii inabadilisha kinachopimwa, au inabadilisha kinavyoonyeshwa na kupigiwa hesabu? Sensa mpya, antena mpya, masafa ya ziada, hivyo hubadilisha kipimo. Rangi, mwangaza, alama za kila asubuhi ni maonyesho na hesabu. Alama ya utayari, kwa mfano, hutokana na usingizi wako, tofauti za muda kati ya pigo na pigo la moyo, na uzito wa mazoezi ya siku zilizopita. Hayo saa yako huenda inayakusanya usiku huu huu ukiwa umelala. Wakimbiaji ninaowafundisha nawauliza kabla hawajaangalia mkononi: umelala vipi, miguu inasemaje, mapigo ukiwa bado kitandani ni mangapi? Anayejizoesha kujibu maswali hayo matatu kwa ukweli hapungukiwi kitu kwa kukosa alama ya mashine. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu nimewaona watu wenye miguu mizuri kabisa wakirudi kulala kwa kuwa saa imewapa alama ndogo.

Kama ulichoahidiwa ni vipimo sahihi zaidi, usilumbane na tangazo. Nenda kwenye uwanja wa riadha. Mzunguko wa njia ya kwanza ni mita 400, na mita hizo hupimwa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani, hivyo kimbia karibu na mstari bila kuukanyaga. Usichague ile hali maalumu ya uwanjani kwenye saa, maana yenyewe imeshaambiwa mzunguko una urefu gani na inajirekebisha. Chagua mbio za kawaida. Kimbia mizunguko 25, ambayo ni kilomita 10 kamili, halafu soma saa inasema nini. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya hivyo akiwa na saa yake kuukuu mkono wa kushoto na mpya ya kuazima mkono wa kulia. Alipomaliza alisimama ameinamia magoti, anatazama mkono huu, anatazama ule, na tofauti baina ya saa hizo mbili ilikuwa ndogo kuliko urefu wa mstari wa moja kwa moja wa uwanja ule. Ile ya kuazima ilirudi kwa mwenyewe jioni hiyo.

Kuna jambo moja ambalo kwenye matangazo hulioni, nami ndilo ninalolipigania zaidi kwenye ukurasa huu. Udhaifu mkubwa wa saa hizi hauko kwenye skrini. Uko kwenye kupima mapigo ya moyo mkononi, na toleo jipya haliuondoi. Igeuze saa yako gizani uone zile taa za kijani zinavyowaka. Damu hunyonya mwanga wa kijani, na sensa huhesabu mwanga unaorudi kila damu inapojaa na kupungua chini ya ngozi. Ukiwa umetulia, inafanya kazi vizuri sana. Ukianza kukimbia kwa kasi, saa inarukaruka, mwanga wa nje unapenya, baridi ikizidi mishipa inabana, na namba inabaki nyuma ya moyo wako. Unamaliza mbio fupi ya nguvu, saa ndiyo kwanza inaanza kupanda.

Mkanda wa kifuani hausomi mwanga. Unasoma umeme wa moyo wenyewe. Teknolojia hiyo wakimbiaji wameitumia tangu 1982, Polar wa Finland walipotoa Sport Tester PE2000, mkanda kifuani na kipokezi mkononi bila waya kati yao. Saa yako iliyopitwa, ikiunganishwa na mkanda mzuri wa kifuani, itakupa mapigo ya kuaminika kuliko saa mpya kabisa inayotegemea taa za mkononi. Na mkanda ni sehemu ndogo tu ya pesa unazotaka kuongezea. Ulowanishe kidogo kwa maji pale unapogusa ngozi kabla hujaufunga, usuuze baada ya mazoezi ili chumvi ya jasho isiuharibu. Siku usizovaa mkanda, ipandishe saa juu ya mfupa wa kifundo cha mkono kwa upana wa kidole kimoja na uikaze kiasi isicheze. Marekebisho hayo peke yake huwashangaza watu.

Kuhusu kuiuza: kwa uliyonieleza, usiiuze. Bei imeshuka, kweli, lakini hasara hiyo huilipi mpaka utakapouza. Ukiuza sasa, soko limejaa wenzako wenye hasira kama wewe wanaouza saa ile ile wiki ile ile, na mnunuzi anajua. Utapokea kidogo, utoe kingi, na kampuni ile ile ndiyo itakayofaidi mara mbili.

Ningekujibu tofauti kama ungeniambia unahitaji ramani kwa sababu unakimbia njia usizozijua, au kwamba chaji inakuishia katikati ya mbio zako, au kwamba alfajiri huoni namba. Hilo la macho nalichukulia kwa uzito. Skrini inayotegemea jua hupendeza saa saba mchana, namba zinazidi kukoza jua linavyokuwa kali, lakini kabla hakujapambazuka inategemea taa yake hafifu, na wapo ambao macho yao hayaiwezi. Kwao AMOLED ni msaada wa kweli. Kwa upande mwingine, kidole chenye jasho na skrini ya kugusa havipatani. Ukiwa kwenye mbio za vipande vipande, pumzi imekata, kitufe unachokipata kwa dole gumba bila kutazama ni kitu cha thamani, na ukinunua siku nyingine kitafute.

Hasira yako ina mahali pa kwenda. Iandikie kampuni, utaje sifa moja moja ambazo hazihitaji kifaa kipya, uombe ziletwe kwenye toleo lako kwa sasisho la programu. Maombi haya hayapotei yote. Kwenye mfano wangu, vipimo vya namna ya kukimbia vinavyosomwa mkononi bila kifaa cha ziada, kama muda wa mguu kukaa ardhini, vilikuja na 265, kisha vikafikishwa kwenye 255 kwa sasisho. Alama ya utayari haikufikishwa. Wanachotoa na wanachozuia ni uamuzi wa biashara, na uamuzi wa biashara husikia kelele za wateja. Mkiandika wengi, mkaandika mahususi, mnasikika.

Mwambie mume wako kwa heshima kwamba saa si saa tu pale mtu alipoidunduliza. Lakini mwambie pia unabaki nayo. Kama inapima zile tofauti za pigo na pigo, ivae usiku. Saa za Garmin, kwa mfano, zinahitaji wiki tatu hivi za usingizi kabla hazijajua kiwango chako cha kawaida ni kipi, na hapo ndipo namba zinapoanza kukuhusu wewe badala ya mtu yeyote. Wewe hujafika bado hata huko.

SWALI FUPI

Kocha, baada ya kusikia habari za wenzangu naogopa kununua. Nisubiri toleo lijalo?

Mwenye Woga

JIBU

Apple wamekuwa wakitoa saa mpya kila Septemba kwa miaka mingi, kwa hiyo ukiitaka ya kwao usinunue Agosti. Wengine hawana mwendo unaotabirika. Umeona hapo juu: miaka mitatu, kisha miezi tisa, na baada ya 265 ikapita zaidi ya miaka miwili mpaka Forerunner 570 ilipotoka Mei 2025. Ukisubiri kwa kubahatisha utasubiri misimu mizima bila kupima chochote. Kama una mbio umejiandikisha, nunua sasa, na ningekushauri uchukue toleo lililopitwa wiki bei yake inaposhuka, likiwa bado jipya ndani ya boksi na lina waranti kamili. Kabla ya kulipa muulize muuzaji maswali mawili: muda wa kurudisha ni siku ngapi, na bei ikishuka ndani ya muda huo atanirudishia tofauti? Majibu yaandikwe kwenye risiti. Akikataa kuyaandika, tafuta muuzaji mwingine.