Herufi za bango la maandamano ziwe kubwa kiasi gani?

SWALI: Ninasoma Uingereza na ninajiandaa kwa maandamano ya kupinga silaha za nyuklia. Bango langu la kwanza lilikuwa karatasi ya manila yenye sentensi tatu nilizoandika kwa makapeni. Mvua ililiharibu, na hata katika picha zilizopigwa kabla ya mvua hakuna neno linalosomeka. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa la mvua ndilo dogo. Kubwa ni zile sentensi tatu, kwa sababu mtazamaji wa kando ya barabara hukuona kwa sekunde chache tu, tena bango likiyumba. Sisi waandika mabango hukadiria kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka bila taabu kwa umbali wa mita 3. Ukitaka kusomwa kutoka mita 15, basi kimo kisipungue sentimita 12. Kwa kipimo hicho, ubao wenye upana wa sentimita 60 hubeba herufi sita hivi kwa mstari, na hapo Kiswahili hutubana, maana NYUKLIA peke yake ina saba. Usipunguze kimo ili neno lienee. Zifanye herufi ziwe nyembamba kidogo, na unene wa mstari wa kila herufi uwe takribani sehemu ya sita ya kimo chake. Tumia nyeusi juu ya nyeupe, na njano juu ya nyeupe usiijaribu kabisa.

Kama ujumbe hauenei, chora alama. Gerald Holtom alifanya hivyo mwaka 1958, alipobuni alama ya maandamano ya Pasaka yaliyotoka London hadi Aldermaston, penye kituo cha utafiti wa silaha za atomiki. Aliunganisha ishara za bendera za mabaharia za herufi N na D, yaani herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa silaha za nyuklia, akazitia ndani ya duara. Alama hiyo haikuwekewa hakimiliki, kwa hiyo ni halali yako. Angalia tu mstari wa wima ufike hadi chini ya duara, kwani ukiukatiza katikati utakuwa umebeba nembo ya Mercedes.

Kuhusu mvua, acha manila, chukua kadibodi ngumu vipande viwili, uvipake rangi nyeupe ya mafuta pande zote pamoja na kingo, ambako ndiko maji huanzia kupenya, kisha uandike kwa rangi nyeusi ya aina hiyohiyo baada ya ile ya kwanza kukauka vizuri. Ubanie mpini katikati ya vipande hivyo, ufike karibu na ukingo wa juu, la sivyo upepo utalikunja bango. Upande mmoja andika Kiswahili na wa pili Kiingereza, kwa kuwa wapita njia ni wa huko.

Kabla ya kupaka herufi, zichore kwa penseli na kuziwekea kivuli, uegemeze bango ukutani, urudi nyuma mita 15 na kumwita mtu asiyejua ulichoandika akusomee.