Barua kwa mwanangu: Wahindi, Washihiri na mali kauli

Mwanangu Salma,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo. Bibi yako mzima, goti tu ndilo linalomsumbua, na anakusalimu sana.

Swali lako nimelisoma. Unasema Wahindi na Washihiri, Waarabu wa Hadhramauti kule Yemen, wote walikuja pwani hii kwa majahazi, kwa kaskazi ile ile, na wengi wao hawakuwa na kitu. Mbona Mhindi alijenga ghorofa na Mshihiri akabaki na dele la kahawa? Na unataka nikuambie ni nani kati yao aliyefanya kazi zaidi.

La kazi haliniwekei shida. Mshihiri alikuwa hamali bandarini, alichota maji akauza nyumba hadi nyumba, alikesha dukani akalala juu ya magunia. Mhindi naye alifungua duka alfajiri, akafunga usiku, mkewe na watoto nyuma ya kaunta. Hapo hakuna wa kumpita mwenzake. Mimi nauliza lingine, na utaniwia radhi kwa kuwa umelisikia kwangu tangu ukiwa mdogo: nani alimpa bidhaa kabla hajalipa? Mali kauli, mama. Anza hapo.

Chukua watu wawili, kila mmoja ana shilingi 1,000 zake. Wa kwanza hununua kwa taslimu, huuza mzigo wote kwa mwezi, hupata faida ya kumi kwa mia. Ana shilingi 100. Wa pili ana 1,000 zile zile, lakini tajiri wa jumla anamwamini, anampa mzigo wa 4,000 zaidi alipe baada ya siku 90. Sasa ana bidhaa za 5,000. Anaweza kuuza rahisi kuliko jirani yake, faida ya nane tu kwa mia, na bado mwezi ukiisha ana 400. Wateja wanamkimbilia kwa sababu bei yake iko chini. Tena akiuza yote kwa siku 30, anabaki na siku 60 za kuzungusha fedha ya mwenzake kabla deni halijaiva.

Ubaya wake nao uujue. Mzigo ule wa 5,000 ukishuka thamani kwa ishirini kwa mia, 1,000 zake zote zimekwenda, na deni la 4,000 liko pale pale. Wa kwanza angepoteza 200 akaendelea na maisha. Wengi walifilisika namna hiyo, na hao hawajengi ghorofa, kwa hiyo hatuwahesabu. Tunapotazama majina yaliyochongwa juu ya milango ya majengo ya zamani, tunawaona waliosalimika tu.

Mnyororo wenyewe ulikuwa mrefu. Kampuni ya Ulaya au ya Bombay ilimpa mwagizaji wa Unguja au Mombasa marikani, kile kitambaa cha pamba, kwa hundi, yaani hati ya kulipa baadaye. Mwagizaji akampa tajiri wa jumla wa Tanga, tajiri akampa mwenye duka wa Korogwe au Handeni. Mwenye duka akamuuzia mkulima kitambaa, chumvi na mafuta ya taa, na msimu ukifika akanunua kwa mkulima yule yule ufuta, mahindi na ngozi, akateremsha mzigo kwa tajiri kufuta deni. Faida ilipatikana mara mbili, kwenda na kurudi, na fedha taslimu ilionekana kwa nadra. Kilichouharibu mara nyingi ni bei ya ufuta kuanguka kati ya siku ya kuununua shambani na siku ya kuufikisha ghalani. Au mtu mmoja kuchukua mali kauli kwa matajiri watatu, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Ndiyo maana tajiri alipenda kumkopesha mtu wa jamaa yake. Watu husema ni ubaguzi, na ubaguzi ulikuwepo, sikatai. Lakini ilikuwa pia ni habari. Khoja, Mhindi Mwislamu, akimkopesha Khoja mwenzake aliweza kuuliza jamatini, wanapokusanyika kusali, huyu ni mtoto wa nani, na nani anamdai. Aliyekimbia na mzigo alijua sifa yake itafika kwao India, Kutch au Kathiawar, na posa za nyumbani kwake zitavunjika. Allidina Visram, ambaye maduka yake yaliifuata reli mpaka Kisumu na kuvuka hadi Jinja na Kampala, alikuja kijana mdogo akaanzia Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo. Hakushuka chomboni akaanza na patupu kama watu wanavyopenda kusimulia.

Reli yenyewe usiichanganye na maduka. Vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India kujenga kutoka Mombasa hadi Kisumu, 1896 mpaka 1901, na waliobaki baadaye hawafiki 7,000. Wenye maduka kwa sehemu kubwa ni watu wengine, waliojilipia nauli au kuitwa na ami zao. Na Wahindi masikini walikuwepo tele: mafundi cherehani, maseremala, makarani wa stesheni. Ukisema "Wahindi walitajirika", mama, unawasahau hao.

Juu ya mnyororo ilikaa benki. National Bank of India ilifungua Zanzibar mwaka 1892, na ilikopesha wenye nyumba kubwa za biashara, waliokuwa na hati, maghala na vitabu vya hesabu. Chini ya mnyororo alikaa Mwafrika, na hapo serikali ya Kiingereza ilitia mkono wake: Tanganyika ilikuwa na sheria iliyofanya deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika lisidaike mahakamani bila kibali. Walisema ni kumlinda. Lakini nani atakupa mali kauli ikiwa hawezi kukudai?

Sasa Mshihiri. Mtazame muuza kahawa: dele la shaba, jiko la mkaa chini yake, vikombe vinavyogongana mkononi, buni iliyonunuliwa asubuhi ya leo kwa fedha ya jana. Ikifika usiku mtaji wote umenywewa na umerudi mfukoni na faida kidogo. Biashara safi, haina deni, na haikui, kwa sababu hakuna tajiri anayekopesha kahawa iliyokwisha pikwa. Ili akue ilimbidi aingie dukani, na akiingia dukani, anayemwamini ni Mshihiri mwenzake mwenye duka lenye rafu mbili. Uaminifu haukupungua kati yao. Kilichopungua ni mtu wa juu mwenye ghala.

Halafu kuna nyumbani. Wahindi walipotulia walileta wake na watoto, matumizi yakawa huku. Mshihiri alikuja peke yake, akaoa hapa, akazaa hapa, na bado kule Hadhramauti alikuwa na mama, na mara nyingi mke mwingine, wanaongoja. Katika daftari la Babu yako, lile jeusi, utaona kila mwezi mstari wa "Shihri" kabla ya mstari wa sukari. Mzigo huo ulizidi wakati wa vita. Bonde la Hadhramauti lilikuwa likila kwa fedha za watoto wake wa Java na Singapore. Mjapani alipozitwaa nchi zile mwaka 1942 fedha zikakatika, mvua nazo zikakosa, na 1943 na 1944 watu walikufa njaa. Waliobaki kuangaliwa ni akina Babu, hamali na wauza kahawa wa Afrika Mashariki. Shilingi iliyokwenda kule haikuingia kwenye rafu.

Lakini nikijibishana na nafsi yangu, Mhindi naye alituma kwao. Kwa hiyo hilo halitoshi.

Wako wanaosema ni riba, kwamba Mshihiri aliiogopa na mwenzake hakuiogopa. Sikubali. Khoja, Bohora na Memon ni Waislamu pia. Na mali kauli haihitaji riba: bei ya taslimu ni hii, bei ya miezi mitatu ni ile, mnakubaliana moja kabla hamjaachana, na mafakihi wengi wanaijuzisha.

Wengine wanasema ni tabia ya kabila, na hapo ndipo ninapokasirika. Hao hao Wahadhrami, kina Alkaff na Alsagoff, walikuwa wenye majumba na ardhi Singapore. Aljunied alitoa kiwanja cha msikiti pale mwaka 1820. Jeddah, Salim bin Mahfouz, mtoto wa Wadi Doan, alitoka kwenye kubadilisha fedha mpaka kuanzisha National Commercial Bank mwaka 1953. Damu moja, bonde moja. Singapore walifika mapema mji ukiwa mchanga, wakashika viwanja. Jeddah walikuwa karibu na fedha za mahujaji, kisha za mafuta. Huku kwetu walikuta kiti cha tajiri kimekaliwa tangu enzi za Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha ya Sultani wa Zanzibar.

Na Waismailia, wale Khoja wafuasi wa Aga Khan, hawakuridhika hata na kiti hicho. Walianzisha bima yao, Jubilee, Mombasa mwaka 1937. Aga Khan alipopimwa uzito kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946, kukawa na mfuko wa uwekezaji uliobeba jina la sherehe ile, Diamond Jubilee, wa kukopesha wana jamaa. Yaani aliyenyimwa na benki alikuwa na mlango wa pili, na wa tatu. Washihiri walikuwa na misikiti na wakfu, mambo ya heri makubwa, lakini wakfu haukukopeshi magunia.

Nimefika ninapopaogopa, nawe unapajua. Babu yako alikuwa Mshihiri mwenye bahati: alikuwa na tajiri Mhindi. Aliacha dele, akafungua duka Ngamiani, Tanga, na yule mzee akampa mali kauli bila karatasi. Utaona kwenye daftari: "sukari gunia 2, chumvi 1, mafuta ya taa madebe 4", kulia tarehe ya kulipa, na alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Kurasa na kurasa za vema.

Aprili 1971 ikatoka sheria ya kutwaa majengo. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambalo mwenyewe amelipangisha, likawa la serikali. Ghorofa la tajiri wa Babu lilikwenda. Sitabishana nawe kama sheria ile ilikuwa ya haki, maana wapangaji wengi waliishangilia na walikuwa na sababu zao. Nakuambia tu ilivyoshuka kwenye mnyororo. Ghorofa lile ndilo lililokuwa dhamana yake benki. Dhamana ikiondoka, benki inaita mkopo, naye anaita madeni yake, mpaka zamu inamfikia mwenye duka la Ngamiani ambaye hajawahi kuwa na ghorofa. Babu alilipa lote. Dhahabu ya Bibi yako iliuzwa. Mzee yule akaenda Kanada na watu wake.

Kinachoniuma si dhahabu. Ni kwamba Babu alikuwa mlipaji safi kuliko wengi, na sifa ile ilijulikana kwa mtu mmoja tu. Alipokwenda kwa matajiri wengine, wale wachache waliobaki, walimtaka taslimu. Hawakumjua. Yule mzee alipofika Toronto alikuta binamu na watu wa jamatini wanaojua jina lake tangu kwa baba yake. Babu alibaki mjini kwake mwenyewe, mtaani kwake, akawa mgeni katika biashara. Duka likaisha rafu moja baada ya nyingine.

Uganda mwaka uliofuata ni jambo hilo hilo kwa ukubwa. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitoa siku 90. Watu waliacha viwanda na majumba. Kama 28,000 waliingia Uingereza, na wengi walianzia viwandani kwa mshahara wa wiki, usije ukadhani walikwenda moja kwa moja dukani. Lakini waliotaka duka walimpata wa kuwaamini. Washihiri wa Zanzibar waliokimbia baada ya 1964 walirudi Hadhramauti, nchi ikapata uhuru 1967 chini ya wajamaa, na huko nako mali zikataifishwa. Hata Singapore, sheria ya kodi za nyumba ya 1947 iligandisha kodi, na Waarabu wenye majumba wakabaki na hati nzito na mapato mepesi. Kote walioweka mali kwenye majengo waliumia.

Basi katika utafiti wako usilinganishe mapato peke yake. Muulize kila mzee: nani alikupa mzigo wa kwanza, siku ngapi, na ungefilisika nani angekupa wa pili? Hilo la wa pili ndilo watu hawaliulizi. Na daftari jeusi ulipige picha ukurasa kwa ukurasa. Wino mwekundu unafifia.

Kuna jambo hukuuliza, ila najua utaliuliza. Ami yako Awadh mpaka leo anasema Babu hakupaswa kulipa: mdai alikuwa anapanda ndege, hakuna mahakama ingemfuata, na fedha ile ingejaza duka kwa mwaka mzima. Kwa hesabu zangu mwenyewe za hapo juu hakosei. Mimi nina la kusema juu ya hilo, na si dogo. Lakini Bibi yako husomewa kila barua ninayoandika kabla haijafungwa, na dhahabu ilikuwa yake. Ukija likizo tutalizungumza ufukweni, tukiwa wawili.

Baba yako