Mzee wa Karata Anajibu: Mashindano ya Kanda na Sisi Wachezaji wa Jioni

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wa aina moja, mchana wana kazi zao, poka wanacheza na washkaji au kwenye simu, sasa wamejiandikisha mashindano ya kanda ya Texas Hold'em isiyo na kikomo, meza za kweli na dila (mgawa karata) wa kweli, na matumbo yameanza kuwauma. Ambao sijawajibu msininunie, maswali yenu mengi yamo humu humu kwenye ya wenzenu.

Shikamoo mzee. Mi nimezoea kwenye simu, unabonyeza kitufe basi. Hii ndo mara yangu ya kwanza kukaa na watu nisiowajua. Siogopi kupoteza, naogopa kuaibika. Nianzie wapi? – Mzee wa Kitufe

Marahaba mwanangu. Anzia mdomoni. Kabla hujagusa chipu yoyote (vile vidude vya kuwekea dau) sema unachofanya: nafuata (naweka dau sawa na la mwenzangu), napandisha hadi kiasi fulani, natupa. Kwenye simu programu haikuruhusu kukosea, mezani unaruhusiwa kukosea vizuri tu halafu kosa linakuwa lako.

Ngoja nikuonyeshe. Blaindi, yaani yale madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, yanayolipwa kwa zamu kabla ya kuona karata, ni 100 na 200, mtu kapandisha hadi 500, we umeshika kingi mbili, moyo unadunda, unachukua chipu moja ya 5,000 unaiweka mbele kimyakimya ukijua kabisa umepandisha. Dila anasema "kafuata" na anakurudishia 4,500. Ndo sheria hiyo, chipu moja kubwa bila neno mbele ya dau la mwenzako ni kufuata tu, haijalishi ulikuwa unawaza nini. Wawili nyuma yako wanaingia kwa bei ya chee, flopu (karata tatu za kwanza za pamoja zinazofunuliwa katikati) inakuja na ree juu, na hizo kingi zako sasa hujui uzipeleke wapi. Na siyo kwamba dila kakuonea, angekuruhusu we angemruhusu na yule anayeweka chipu, anasoma uso wako, halafu ndo anaamua alikuwa anapandisha au anafuata.

Kosa ndugu yake ni kuweka chipu kwa mafungu. Umesukuma rundo la kwanza, mkono unarudi kuchukua la pili, hapana, kama hukutaja kiasi kinachohesabika ni kile cha kwanza. Na ile ya "nafuata dau lako... na napandisha" iache kabisa, neno la kwanza ndo limeshakufunga.

Mengine ni madogo ila yanauma. Weka chipu moja juu ya karata zako mbili, hasa ukikaa karibu na dila, maana karata zisizo na ulinzi zinaweza kukusanywa pamoja na zilizotupwa na zikishachanganyika humo ndo basi tena hata kama zilikuwa ree mbili. Subiri zamu yako. Chipu kubwa ziweke mbele zionekane. Na ukishatupa karata zako funga mdomo kuhusu mkono (raundi ya karata) unaoendelea, usigune hata kidogo flopu ikija na karata ulizotupa, kuna watu bado wana pesa pale. Usipoelewa kitu muulize dila, hakuna atakayekucheka, na atakayecheka basi umeshamjua ni mtu wa aina gani.

Mzee habari. Mashindano yaliyopita nilicheza kwa nidhamu sana, nikasubiri mkono mzuri, sikubahatisha hata mara moja. Nikaliwa na blaindi mpaka nikabaki na chipu za kuhesabu vidoleni nikatolewa na mtu wa karata mbovu. Nidhamu ina faida gani sasa? – Mvumilivu

Ndugu yangu Mvumilivu, hiyo siyo nidhamu, hiyo ni foleni, na ulipanga foleni kwenye dirisha ambalo halifunguliwi. Barua yako ndo iliyonifanya nikae niandike safu hii kwa hiyo nivumilie kidogo, jina si ndo lako.

Ree mbili zinakuja kwa wastani mara moja katika mikono 221. Mezani dila akiwa mzuri mnapata mikono kama 25 mpaka 30 kwa saa. Piga hesabu hapo, ni karibu saa nane za kusubiri, na blaindi hazikusubiri we. Jozi yoyote ile, kuanzia mbili mbili, ni mara moja katika 17. Sasa kama kila ngazi ya blaindi ni dakika 20, meza ya watu tisa inazunguka kama mara moja tu kisha blaindi zinapanda. Yaani mzunguko mmoja, bei imeshapanda! Kwenye simu huwezi kulihisi hilo kwa sababu mikono inakimbia.

Tuseme una chipu 20,000, blaindi 1,000 na 2,000, na anti (dau jingine la lazima kila mkono) ya 2,000 inayolipwa na aliyekaa blaindi kubwa. Zihesabu kwa blaindi kubwa, siyo kwa maelfu, una kumi. Ukikaa mzunguko mzima ukitupa tu umelipa 5,000, umebaki na 15,000. Ngazi inapanda 1,500 na 3,000. Hujacheza hata mkono mmoja, hujabahatisha chochote, na kutoka kumi umeshuka tano. Ukifika tano hata ukienda olini, yaani ukisukuma chipu zako zote, hakuna anayekuogopa, blaindi kubwa atakufuata na karibu chochote kwa sababu ni bei rahisi kwake, na ndo hapo unapotolewa na "mtu wa karata mbovu". Hakukubahatisha huyo, we ndo ulimpa punguzo.

Kwa hiyo ukishuka kwenye kumi na kitu, mtindo unabadilika. Wote wakitupa mpaka kwako na umekaa mwishoni, kwenye batani (kiti cha mwisho kucheza baada ya flopu) au jirani yake, usipandishe nusunusu, sukuma zote au tupa. Wakikimbia umeokota 5,000 iliyolala katikati, hiyo ni robo ya chipu zako zote bila kuonyesha karata. Wakikufuata siyo msiba, kingi na kwini dhidi ya ree na tano bado zinashinda kama mara nne katika kumi. Anayesukuma kwanza ana njia mbili za kushinda, wakimbie au karata zimkubali. Anayefuata ana moja tu. Ndo maana karata zilezile ambazo ningesukuma nazo bila wasiwasi nikiwa wa kwanza, nikikuta mwenzangu keshasukuma kabla yangu nazitupa na wala sijutii.

Sikwambii ucheze kila takataka. Saa za mwanzo ukiwa na blaindi mia na zaidi tulia kweli, jozi ndogo ziingize kwa bei rahisi ukitafuta ya tatu (inakuja flopu kama mara moja katika nane na nusu), nyingine tupa. Uvumilivu ni wa pale. Ulichofanya we ni kuutumia wakati umeshapitwa na saa yake.

Mzee, mi dada yako. Wamebaki wawili watoke ili wote tuingie kwenye pesa, yaani nafasi zenye zawadi. Nina blaindi kumi na tano, kuna kaka ana chipu kama mlima anasukuma zote kila saa. Nikapata kingi mbili. Nikazitupa!! Akaonyesha ree na saba. Nikaingia kwenye pesa, nikatoka wa pili kutoka mwisho. Nyumbani wananicheka mpaka leo. Nilikosea? – Dada wa Kingi

Dada pole, na hao wa nyumbani waambie wangojee kidogo maana jibu linategemea mashindano gani.

Kama ni ya kawaida, ndiyo ulitakiwa ufuate. Kinachokushinda kabla ya flopu ni ree mbili peke yake, na mtu anayesukuma kila saa hawezi kuwa nazo kila saa. Dhidi ya ree na saba ungeshinda kama mara saba katika kumi. Yule kaka alikuwa anajua kabisa mnaogopa, mwenye chipu nyingi karibu na mpaka wa pesa anakula woga wa meza nzima na kwa kweli hafanyi kosa lolote. Halafu angalia ile karatasi ya zawadi ukutani, zawadi ya mwisho mara nyingi inazidi kiingilio kwa kidogo tu, pesa yenyewe imelundikwa juu. Ungepata blaindi zaidi ya thelathini ungekuwa na cha kuendea huko juu.

Lakini kama ilikuwa ni mchujo, ule ambao zawadi ni nafasi za kuingia mashindano makubwa na nafasi zote ni sawa, hapo habari nyingine kabisa. Wa kwanza na wa kumi wanapata kitu kilekile, chipu za ziada hazikuongezei chochote. Kuna wakati wa mchujo kutupa hata ree mbili ni sahihi, kama una chipu za kutosha kukaa na kuna wengine wanakaribia kumalizika. Wachezaji wengi wa jioni hawaioni tofauti hii, wanaucheza mchujo kama fainali na fainali kama mchujo.

Na mchujo usiudharau. Chris Moneymaker alikuwa mhasibu tu, mwaka 2003 aliingia mchujo wa mtandaoni wa dola 86, akapata nafasi ya dola 10,000 kwenye tukio kuu la World Series of Poker Las Vegas, akaibuka wa kwanza kati ya watu 839 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata walijitokeza 2,576. Ila nao karibu wote walirudi mikono mitupu, tusisahau hiyo sehemu.

Mzee mambo. Ni kweli lazima nivae miwani myeusi ili wasinisome? – Macho

Poa. Sio lazima, na nimeona watu wakisoma vibaya karata zao wenyewe kwa sababu ya hiyo miwani, uru wanadhani kopa. We fanya hivi, kabla ya kucheza tupia jicho kushoto kwako. Wachezaji wengi wasio wazoefu wanashika karata kwa vidole viwili tayari kuzitupa kabla hata zamu haijawafikia. Ukiwaona wawili hivyo, ujue njia ni nyeupe. Hiyo inalipa kuliko kumkodolea mtu macho usoni.

Mzee heshima yako. Tukibaki watatu wakisema tugawane nikubali? Nagawanaje nisiibiwe? – Fainali Inshallah

Inshallah ufike. Kwanza kabisa muite msimamizi wa mashindano, kuna mashindano hayaruhusu kabisa makubaliano na mengine yanaruhusu ila lazima yafanyike mbele yake. Maelewano ya chooni ni udanganyifu, usiingie.

Hesabu sasa. Tuseme zawadi zilizobaki jumla ni 100, wa kwanza 50, wa pili 30, wa tatu 20, na chipu we una asilimia 20, wenzio 50 na 30. Mwenye nyingi atasema tugawe kwa asilimia ya chipu, inasikika haki eeh? We utapata 20. Lakini 20 tayari ni yako hata ukitolewa mkono unaofuata! Umeuza nafasi yako bure. Njia ya afadhali ni kila mtu achukue kwanza 20 yake, ile 40 inayobaki ndo igawiwe kwa chipu, inakuja 40, 32 na 28. Ile hesabu ya kompyuta inayoangalia uwezekano wa kila mtu kumaliza nafasi gani inatoa kama 38, 33 na 29, yaani zimekaribiana. Kwa hiyo chini ya 28 kataa kwa upole, sema "tuendelee kucheza" na ukae. Asipokubali mmoja tu hakuna makubaliano na hakuna wa kukulazimisha. Mi binafsi napenda wabakize kidogo cha mshindi ili mchezo usife.

Mzee nina hasira. Nimesukuma na ree mbili, jamaa kafuata na kingi mbili, kingi ikashuka karata ya mwisho. Nikalipa nikaingia upya, nikatolewa tena, nikalipa tena. Nimemaliza hela ya mwezi. Huu mchezo umepangwa? – Galasa

Haujapangwa. Ree mbili dhidi ya kingi mbili zinapoteza kama mara 18 katika 100, ukicheza miaka utalamba galasa hilo mara nyingi tu na mara nyingine we ndo utakuwa jamaa wa kingi. Mkono uliucheza sawasawa, hilo liache.

Tatizo ni ile mara ya pili na ya tatu. Dirisha la kuingia upya liko wazi saa za mwanzo, na ukichelewa kurudi unapewa chipu zilezile huku blaindi zimepanda, unalipa bei ileile kupata blaindi ishirini badala ya mia. Pia kila kiingilio kina sehemu ya waandaaji ambayo haiingii kwenye zawadi, nayo unailipa upya kila mara. Na aliyetoka kupigwa na kingi ya mwisho anarudi mezani anataka kulipiza, mkono wa kwanza tu utamuona. Hela ya mwezi haikutakiwa kuwa mfukoni siku ile. Safari nyingine beba ya kiingilio kimoja na nauli, kadi ya benki iache nyumbani. Na kama umeshaona unashindwa kuiacha, hapo siyo suala la karata tena, mwambie mtu wa karibu aishike yeye, na mashindano ya kanda yapishe kwa sasa.