Kwa dada aliyeuliza kuhusu mumewe na VA: aende akajiandikishe, hamnyang'anyi mtu

Dada, nimesoma swali lako na majibu ya waliotangulia, nikaona nijibu kwa urefu kwa sababu baadhi ya yaliyoandikwa hapa yatamfanya shemeji azidi kukaa nyumbani. Umesema alikuwa jeshi la nchi kavu la Marekani, akapelekwa Djibouti, akatoka kwa heshima 2019. Sasa anakohoa usiku kucha, pua haifunguki, na kwenda VA, ile idara ya serikali ya Marekani inayohudumia wanajeshi wa zamani, amekataa katakata. Sababu zake ni tatu: serikali haina pesa, hizo kidogo zilizopo ni za waliokatwa miguu Iraq, na siasa za Washington zikichacha, hospitali zitafungwa aachwe katikati ya matibabu.

Mimi nilivaa gwanda hilo hilo. Niliingia kupitia MAVNI, ule mpango wa 2009 wa kuandikisha wageni wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwamo. Nikapelekwa Kuwait, na tangu nitoke natibiwa VA. Vijana wetu wengi wamenipigia simu kuniuliza haya, na hizo sababu tatu za shemeji nazisikia karibu kwa kila mmoja. Si uvivu. Ni watu walioona kwao hospitali ya serikali isiyo na dawa, wakalelewa kwamba anayeomba msaada akiwa bado anatembea ana tamaa. Naielewa heshima hiyo, lakini hapa inamuumiza.

Nianze na pesa. VA hutumia zaidi ya dola bilioni 300 kwa mwaka, ila hizo hazitoki mfuko mmoja. Kuna fidia, ile pesa ya kila mwezi kwa aliyeumia au kuugua kwa sababu ya utumishi. Hiyo ni haki ya kisheria: kila aliyetimiza masharti analipwa, na idadi ikiongezeka Kongresi inalazimika kuongeza. Fidia ya shemeji haiwezi kupunguza hata senti ya mtu aliyekatwa mguu Fallujah, Iraq. Halafu kuna matibabu: madaktari, dawa, majengo. Hayo hupangiwa kiasi na Kongresi kila mwaka, na hapo ndipo mvutano ulipo.

Kuhusu serikali kufungwa, yaani ofisi kusimama kwa sababu Kongresi haijapitisha bajeti: tangu sheria ya 2009, pesa ya matibabu ya VA hupitishwa mwaka mmoja mbele. Oktoba 2013 serikali ilipofungwa, hospitali za VA ziliendelea kufanya kazi, lakini maelfu ya wafanyakazi wanaoshughulikia madai walirudishwa nyumbani na watu wakaanza kuhofia fidia ya Novemba. Baada ya fundisho hilo Kongresi ikaipa fidia nayo ulinzi huo huo wa kupitishwa mapema. Mwaka 2025 serikali ilifungwa siku 43, na kliniki ninayokwenda ilikuwa wazi muda wote. Kuna ofisi zilizofunga milango na simu ambazo hazikupokelewa, ni kweli, lakini daktari alikuwepo na dawa zilifika kwa posta kama kawaida.

Sasa hili la kuwanyima wengine. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu nadhani ndilo hasa linalomzuia.

Shemeji ana chembe ya ukweli. Kwa vile matibabu yana bajeti yenye kikomo, VA huwapanga watu katika makundi manane ya kipaumbele. Januari 2003 pesa zilipobana, waliokuwa na kipato kikubwa na bila jeraha la utumishi, yaani kundi la nane, walifungiwa mlango wa kujiandikisha upya, ukaja kufunguliwa kwa sehemu tu 2009. Kwa hiyo ndiyo, kubanwa kunawezekana. Lakini tazama nani alibanwa: wa mwisho kwenye foleni. Mwenye ulemavu wa utumishi ambao VA imeupima kuwa asilimia 50 na kuendelea yuko kundi la kwanza. Shemeji akiingia leo kwa kigezo cha kutumikia Djibouti peke yake, atakuwa kundi la sita. Hana namna ya kumpita aliyekatwa mguu hata angetaka.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu hatujui. VA inapoandaa maombi ya bajeti, hukadiria mahitaji kwa kuangalia waliojiandikisha, umri wao, magonjwa yao na huduma wanazotumia. Ndio msingi wa hesabu. Sasa mtu anayekohoa sebuleni kwake Texas bila kujiandikisha hayumo kwenye hesabu hiyo. Hajamwachia mwenzake kitanda. Amefanya idadi inayopelekwa Kongresi iwe pungufu kwa mtu mmoja, na kliniki ya karibu nanyi ikaonekana haina haja kubwa ya daktari wa mapafu. Sisi wahamiaji tuliotumikia jeshi hili si wachache, na kila anayekaa kando kwa staha anatufanya tuonekane wachache. Mwambie hivyo hivyo. Wanaume wawili niliowaona wakibadili msimamo, hoja hii ndiyo iliyowagusa.

Tena kwa Djibouti sheria iko wazi. Tarehe 10 Agosti 2022 Rais Biden alitia saini Sheria ya PACT, inayobeba jina la Sajini Heath Robinson wa Ohio, aliyefariki 2020 kwa saratani ya mapafu baada ya kufanya kazi karibu na mashimo ya kuchomea taka Iraq. Plastiki, betri, mafuta, taka za hospitali, vyote vilitiwa moto shimoni huku watu wakilala mita chache kutoka hapo. Sheria hiyo iliunda mfuko maalumu wa gharama za walioathiriwa na sumu za vita, na kwa mwaka wa fedha wa 2024 peke yake mfuko ulitengewa zaidi ya dola bilioni 20. Ikataja nchi: Iraq, Kuwait, Oman, Qatar, Somalia na nyinginezo tangu Agosti 1990, Afghanistan, Djibouti, Yemen, Syria na nyinginezo tangu Septemba 11, 2001. Ikataja na magonjwa: pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, mafua sugu ya pua, sainasi sugu, mkamba sugu, saratani za aina nyingi.

Maana yake ni kwamba akiwa na mojawapo ya hayo na karatasi zikionyesha alikuwa Djibouti, hatakiwi kuthibitisha kwamba ni moshi uliomletea. Sheria inachukulia hivyo. Zamani mzigo huo ulikuwa wa mgonjwa, na watu walikufa wakiwa bado wanabishana na karani. (Waliotumikia kambi ya Manda Bay, Lamu, Kenya, wasome kwa makini: sheria ya 2022 haikuitaja Kenya kwenye orodha hizo. Wao wanaweza kudai, ila wajiandae na ushahidi wa daktari.)

Tangu Machi 5, 2024, aliyetumikia kwenye maeneo hayo anaweza kujiandikisha moja kwa moja kwa matibabu hata kama hajawahi kupeleka dai la fidia. Hivi ni vitu viwili na vina fomu mbili. Matibabu ni 10-10EZ. Fidia ni 21-526EZ. Watu wengi hujaza moja wakadhani wamemaliza.

Akiandikishwa ataulizwa maswali kuhusu sumu alizokutana nazo: moshi, vumbi, mafuta ya ndege, kemikali. Ni dakika kumi hivi. Mimi aliniuliza muuguzi mama mmoja mtu mzima, akaweka kalamu chini kila nilipojibu "kidogo tu", akarudia swali: kidogo ni mara ngapi kwa wiki? Ulikuwa unaamka na vumbi kwenye meno? Nikajikuta naeleza mambo ambayo hata mke wangu hakuwahi kuyasikia. Shemeji asiende kule kujibu kama anavyojibu hujambo. "Sijambo" ikiandikwa kwenye faili inabaki pale.

Na kwenye uchunguzi wa dai la fidia tatizo hilo ni kubwa zaidi. Mwenzetu mmoja alikuwa na goti bovu toka mazoezini. Mchunguzi alikuja na kifaa kama rula mbili zilizoungwa kwa msumari, akamwambia akunje mguu hadi anapoanza kusikia maumivu. Jamaa akakunja wote, taya limekaza, jasho linamtoka, kwa sababu kwao mwanamume haonyeshi maumivu mbele ya mgeni. Ikaandikwa: goti linakunjika vizuri. Maumivu nayo huzingatiwa kwenye kupima asilimia, na yeye aliyaficha. Ilimchukua muda mrefu na rufaa kurekebisha. Shemeji asizidishe kitu, asipunguze kitu. Kama kikohozi kinamwamsha mara tatu usiku, aseme mara tatu. Na wewe dada unaweza kuandika maelezo yako kama shahidi, maana ndiwe unayekisikia kikohozi hicho. Barua ya mke ina uzito kwenye faili.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba VA ni hospitali ya kufia. Mwaka 2014 iligundulika Phoenix kwamba orodha za kusubiri zilikuwa zimechezewa ili ionekane watu wanahudumiwa haraka, na waziri wa VA, Shinseki, akajiuzulu. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa sheria za kumruhusu mgonjwa atibiwe hospitali ya nje kwa gharama ya VA. Kwa kanuni zilizofuata sheria ya 2018, kama kliniki ya kawaida iko zaidi ya dakika 30 kwa gari, au bingwa zaidi ya dakika 60, au kusubiri kunazidi siku 20 kwa daktari wa kawaida na 28 kwa bingwa, anaweza kuomba aende nje. Mimi binafsi napendelea ndani ya VA, kwa sababu daktari wa nje mara nyingi hajui hata Djibouti iko wapi, na pesa zinazotoka nje zinazidi kula bajeti ya kuajiri wauguzi wa ndani. Lakini kwa mtu asiyepumua vizuri sitasema asubiri kwa ajili ya msimamo wangu.

Umegusia kwa mstari mmoja tu kwamba hapati usingizi na amekuwa mkali kwa watoto. Nimeuona mstari huo. Kuna vituo vinaitwa Vet Center, vipo tangu 1979, ushauri nasaha ni bure kwa waliotumikia maeneo ya vita na familia zao pia, na kumbukumbu zake hazichanganywi na faili la hospitali bila ruhusa yake. Wengi wetu tumeanzia pale kwa sababu hapana sura ya hospitali. Na ikitokea usiku mmoja akasema maneno ya kujidhuru, piga 988 kisha bonyeza 1, au mpeleke hospitali yoyote ya dharura iliyo karibu. Tangu Januari 17, 2023, VA hugharimia dharura ya aina hiyo hospitali yoyote ile, hata kwa ambaye hajajiandikisha, hadi siku 30 za kulazwa na 90 za kutibiwa akitokea nyumbani. Usianze kuhesabu bili saa hiyo.

Kuhusu ile kampuni aliyotajiwa na rafiki yake, inayotaka sehemu ya fidia ili "imjazie fomu": asitie saini chochote. Kulipisha kwa kuandaa dai la kwanza hakuruhusiwi na sheria. Kaunti nyingi zina afisa wa wanajeshi wa zamani anayefanya kazi hiyo bure, na vyama vya wanajeshi wa zamani kama DAV, VFW na American Legion vina wawakilishi waliosajiliwa, bure pia. Kabla ya yote asajili kwamba ana nia ya kudai. Hilo linamshikia tarehe kwa mwaka mzima, na dai likikubaliwa malipo huhesabiwa kuanzia siku hiyo.

Kuna la mwisho ambalo ni la kwetu zaidi. Wengi tunapanga kurudi nyumbani tukizeeka. Ukiwa Kenya au Tanzania, VA hulipia tu matibabu ya maradhi iliyokwisha kuyakubali kwamba yametokana na utumishi, kupitia mpango wake wa matibabu ya nchi za nje. Mengine ni juu yako. Ndiyo maana kukubaliwa kwa pumu au sainasi, hata kwa asilimia sifuri isiyolipa kitu kwa mwezi, kuna faida siku ukiwa Nakuru au Moshi unatafuta dawa. Na akifika asilimia 30, wanaomtegemea huongezwa kwenye hesabu: wewe, watoto, na hata mzazi anayemtegemea kwa riziki, akitimiza masharti ya kipato. Kwa viwango vya 2025 asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi na asilimia 100 kwa asiye na wategemezi ilikuwa dola 3,831.30, mpate kuona tofauti ilivyo.

Tafuteni leo DD-214 yake, ile karatasi aliyopewa alipotoka jeshini. Msiipandishe hapa, ina namba zake za siri. Nitumie ujumbe wa faragha wenye jina la kaunti yenu tu, nitakutafutia afisa wa huko. Na kama shemeji atakubali kuongea na mtu aliyevaa buti zile zile, simu yangu huwa wazi baada ya saa moja jioni.