Ukitaka kusoma habari za Wamaya, kwanza uliza nani kapima nini

Tangu nianze kuweka picha za Tikal na Palenque, miji ya kale ya Wamaya kule Guatemala na Mexico, kwenye stetasi napokea maswali yaleyale kila wiki, mara "kaka hivi kweli walijengewa na viumbe wa angani?", mara "walipotelea wapi wale watu?", basi leo nimeamua nikae niandike sehemu moja, maana hii mada naipenda mno na nimetumia kama miaka miwili kuisoma vibaya, sitaki mwingine apite hukohuko.

Mimi ni mpima ardhi. Wamaya niliwajua kwa klipu, saa sita usiku, tuko kambini na mtandao unashika kwa kubahatisha. Jamaa kwenye klipu kaonyesha jiwe lililochongwa, kalilaza ubavu, anasema ona huyu mtu kakaa kwenye roketi, mguu uko kwenye pedeli, moto unatoka nyuma. Nikaamini. Nikamsimulia mdogo wangu wa kidato cha pili naye akaenda kulisema mbele ya darasa, na hilo mpaka leo linaniuma kwa sababu aliniamini mimi.

Sasa ushauri wangu wa kwanza ni mwepesi tu, ligeuze jiwe lisimame. Lile ni kifuniko cha jeneza la mawe la mfalme Pakal wa Palenque, kusini mwa Mexico, na kaburi lilifikiwa mwaka 1952 na mwanaakiolojia Alberto Ruz Lhuillier baada ya kuzoa vifusi misimu kadhaa kwenye ngazi zilizojazwa ndani ya piramidi. Likisimama wima unaona mfalme yuko kwenye taya za kuzimu na juu yake umeota mti wa dunia, kileleni katua ndege. Na pembeni mwa kifuniko kumeandikwa! Kuna tarehe aliyozaliwa, mwaka 603, na aliyofariki, 683. Yaani jiwe lenyewe linakwambia ni la nani, we ukubali tu kulisoma upande wake.

Hapo ndipo nilipojiwekea sharti ambalo nawashauri na nyie mlishike, kila ukikutana na dai kuhusu miji hii uliza limejulikanaje, kipi kilipimwa na kipi kilikadiriwa. Kwenye kazi yetu hilo ndilo la kwanza kufundishwa, bikoni uliyoigusa kwa mkono na bikoni uliyoipigia hesabu havilingani hata kama kwenye ramani zina alama moja.

Chukua hii ya leza inayosemwa sana. Ndege inapita juu ya msitu inarusha miale mamia ya maelfu kwa sekunde, mingi inagonga majani inarudi, michache inapenya kwenye matundu inafika ardhini, halafu kompyuta inatoa nukta zote za majani inabakiza umbo la ardhi peke yake, msitu umevuliwa. Mtu ambaye hajawahi kufyeka laini porini hawezi kuelewa hicho ni kitu gani. Kuna siku Kilwa tulifyeka kutwa nzima tukasonga kama mita mia tatu, jioni wakati wa kurudi kijana anayeshika fimbo akajikwaa kwenye ukuta wa matumbawe na chokaa, ukuta mzima, mizizi imeukumbatia, na asubuhi tulipita hatua tatu tu pembeni yake hatukuuona. Hatua tatu! Kwa hiyo niliposoma kwamba kule Caracol, Belize, wanaakiolojia Arlen na Diane Chase walipima kwa miguu karibu miaka 25 wakapata kilomita za mraba 23, halafu mwaka 2009 ndege ikafunika 200 kwa siku chache, nilinyamaza kidogo. Zikaonekana barabara zao na matuta ya kilimo yamepangwa mlimani kama ngazi, kilima baada ya kilima.

Ila angalia hesabu zinavyosafiri. Mwaka 2018 ilitoka ripoti ya eneo la kaskazini mwa Guatemala, kilomita za mraba 2,144 zimepigwa leza, majengo 61,480 yamehesabiwa. Hicho ni kipimo, unaweza kurudi ukahesabu tena. Halafu wakasema nyanda zile za kati za Wamaya, ambazo ni kubwa kuliko hilo eneo zaidi ya mara arobaini, zilikuwa na watu milioni 7 mpaka 11 kwenye miaka ya 650 hadi 800. Hayo ni makadirio, na wenyewe wameeleza hatua zao, sio kila jengo lilikuwa nyumba ya kulala, kuna majiko na stoo, sio nyumba zote zilikaliwa wakati mmoja, na sio kila sehemu ilijaa sawasawa. Ni kazi nzuri na mi naikubali, lakini mtandaoni utaiona kama vile kuna mtu alipita nyumba kwa nyumba na karatasi za sensa. Ukiisimulia kwa mtu, simulia na hatua zake.

Eneo lingine ambalo nataka mtu anayeongea Kiswahili aliingie bila woga ni maandishi yao, kwa sababu tuna faida kubwa sana na hatujui. Unakumbuka ulivyojifunza kusoma? Ba be bi bo bu, ka ke ki ko ku. Basi Wamaya nao, ukiacha alama zinazobeba neno zima, walikuwa na alama za silabi hivyohivyo, konsonanti na irabu yake. Askofu wa Kihispania Diego de Landa, yuleyule aliyechoma vitabu vyao pale Maní mwaka 1562, alimuuliza Mmaya amwandikie herufi za Kihispania moja moja, na yule akawa anamwandikia silabi alizozisikia, akitajiwa jina la herufi b, "be", anaandika alama ya be. Wasomi wakaja kuiona ile orodha haina maana, mpaka mwaka 1952 mtafiti wa Kisovieti Yuri Knorozov, akiwa Leningrad, akaandika kwamba hizi ni silabi jamani. Alipingwa miaka mingi sana. Chui wao mkubwa anaitwa balam na wanaweza kumwandika ba-la-ma, irabu ya mwisho inaandikwa lakini haitamkwi. Sisi tumechukua kitab cha Waarabu tukakiwekea irabu mwishoni kikawa kitabu, tena tunaitamka kabisa, kwa hiyo sikio letu linaielewa hiyo tabia haraka.

Na lenye kunifurahisha kuliko yote ni chombo kimoja cha udongo kutoka kaburi la Río Azul, Guatemala. Kina mfuniko unaozungushwa ukajifunga, kina mpini juu, na kimepakwa maandishi. Mtaalamu wa maandishi ya Wamaya, David Stuart, akasoma hapo neno ka-ka-wa, yaani kakaw, kakao hii unayoijua, halafu mabaki yaliyoganda ndani yakapelekwa maabara na yakakutwa ya kakao kweli. Msomaji wa maandishi na mtu wa maabara kila mmoja kaja kwa njia yake wakakutana kwenye chombo kimoja. Ukipata ushahidi wa namna hiyo lala usingizi.

Kitu kingine, angalia mwaka wa kitabu kabla hujakinunua. Cha kabla ya 1960 kitakwambia Wamaya walikuwa makuhani wapole wanaohesabu nyota basi. Mwaka huo mtafiti Tatiana Proskouriakoff alipanga tarehe za nguzo za mawe zilizochongwa za mji wa Piedras Negras akaona zinalingana na umri wa mtu, anazaliwa, anatawazwa, anafuatiwa na mwingine, hivyo zile sura kwenye mawe ni wafalme na historia yao, vita vikiwemo. Vitabu vya zamani vina michoro mizuri sana, mi ninavyo, ila natazama picha tu.

Kuhusu kupotea, hawakupotea. Naomba hili mlibebe. Miji ya kusini ndiyo iliyoachwa kidogo kidogo, nguzo ya mwisho yenye tarehe pale Tikal ni ya mwaka 869, na tope la ziwa Chichancanab lililochunguzwa mwaka 1995, lenye jasi na magamba ya konokono ndani yake, lilionyesha ukame mkali miaka ileile, mbali na vita na watu wengi kwenye ardhi iliyochoka. Wakati huohuo mji wa Chichén Itzá kaskazini ilikuwa inapanda. Mji wa mwisho wa Wamaya uliojitawala, Nojpetén, ulitekwa na Wahispania mwaka 1697, na leo kuna mamilioni ya watu wanaongea Kik'iche', Kiyukateki, Kiq'eqchi' na lugha nyingine za ukoo huo. Mtu akikuuliza nani alijenga, hao, babu zao. Msafiri wa Kimarekani John Lloyd Stephens alishaandika hivyo baada ya safari zake za kuanzia 1839 na bado tunaulizana. Sisi hatupaswi kushangaa, miji ya pwani yetu nayo iliandikwa muda mrefu kama kazi ya wageni watupu.

Kwa hiyo ukisoma "mji umegunduliwa" tafuta nani anaishi jirani. Mwaka 2024 ulitangazwa mji wa Valeriana, kwenye jimbo la Campeche, Mexico, zaidi ya majengo 6,500 kwenye eneo lililopimwa. Mtafiti Luke Auld-Thomas alikuta data za leza mtandaoni, zilipigwa mwaka 2013 kwa ajili ya kufuatilia misitu, hakuna aliyezitazama kwa jicho la akiolojia. Kazi safi, na inaonyesha hata wewe mwenye laptopu unaweza kuanza na data zilizowekwa wazi. Lakini mji huo uko karibu na barabara kubwa na watu wanalima katikati ya magofu. Ule ukuta wetu wa Kilwa pia, asubuhi yake tulipomwambia mzee wa kijijini kwamba tumekuta kitu, akauliza ni ule wenye kisima upande wa bahari au ule mwingine.