Fimbo gani ya kuloba samaki, ya flipingi na pichingi? Jibu yangu kwa bote benye bananiuliza

Bandugu jambo sana. Tangu nitie foto ya ile samaki makobo ya Kapolowe ku statisi, simu yangu haitulie, na siwezi kujibu kila muntu peke yake, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Mudogo moja wa Kasapa njo amenisukuma kabisa. Aliniandikia: "Yaya, niko na dolari mia, nataka fimbo sawa yako, ile ya mu matete, ninunue gani?" na chini akatia foto ya fimbo ya metre tatu na nusu, ile ya kuchomoka vipande vipande sawa antena ya redio ya zamani, na tayari ameanza kupatana bei. Mudogo yangu, wacha. Rudisha dolari mu mufuko, soma kwanza.

Kwa benye hawajue, flipingi na pichingi ni kuloba karibu. Hautupe mbali. Flipingi, unavuta kamba na mukono ya kushoto, chambo inaning'inia, unaisukuma mbele chini chini juu ya mayi, inaingia mu shimo kati ya matete metre tatu, ine, tano mbele yako, bila kelele, unangoja kidogo, unaitoa, unatia mu shimo ingine. Pichingi, unakamata chambo mu mukono, unafungua mashini (ile yenye kukunja kamba ku fimbo), unainua ncha ya fimbo na chambo inaruka kutoka chini mpaka metre kumi na zaidi, kidole gumba iko juu ya kamba kufanya breki. Samaki haikufuate, wewe njo unaifuata ndani.

Hii ginsi ilitoka California miaka ya 70, kwa muntu moja jina yake Dee Thomas, alikuwa anashusha chambo mu matete na fimbo ya futi 12, benzake bakalalamika, mashindano ya kule ikaweka sheria fimbo isipite futi 8, akakubali, na mwaka 1975 akaenda kushinda mashindano ya Bull Shoals, Arkansas, na fimbo ya mufupi. Kampuni ya Fenwick ikatoa fimbo ya futi 7 na nusu juu ya hii kazi tu. Mi nikisoma hii hadisi nacheka, juu batoto ba Kapolowe banashusha ndobo mu matete na mianzi yao tangu zamani, na hakuna mwenye kubaandika.

Mi niliifunza Afrika ya Kusini wakati nilikuwa natumika Joni (Johannesburg), siku ya mwisho wa juma tunaenda ku ziwa ya Hartbeespoort kuloba samaki ya besi. Besi haiko samaki yetu, ilitoka Marekani, Afrika ya Kusini bakaileta mwaka 1928, na tafadhali ibakie kule kule. Muntu asiniambie tulete batoto yake mu Lufira, ile samaki inakula zingine mpaka inamaliza. Paka akili ya kuiloba njo nilirudi nayo Lubumbashi, pamoja na fimbo moja murefu yenye mke wangu anaitaja kila akisafisha nyumba.

Sasa nikuambie kwa nini hii maneno inanigusa sana. Kuko kikundi ya babwana hapa mujini, beko na jeep, beko na frigo ya ndani ya motokari, kila kintu. Balinialika tuende Tshangalele, ile ziwa yenye barrage ya Mwadingusha ilifanya mu Lufira. Nikafika na fimbo yangu. Moja akaishika, akaitikisa, akasema mbele ya bote, "Huyu anakuja kuloba ao kuvuta ngombe?" Bakacheka mpaka Likasi. Bakaniweka nyuma ya pirogue, karibu na mwenye kupiga kasia, bo mbele na fimbo zao nyembamba za bei kali, wanatupa katikati ya ziwa, mbali, muzuri kuangalia, bila kushika kintu. Nilinyamaza. Lakini sikusahau, na naona mpaka leo sijasahau.

Ile siku tulipita karibu na matete, nyuma njo iko karibu zaidi. Kulikuwa na shimo kidogo kati ya mabua, haipite beseni ya kunawia mikono. Nikashusha chambo ya mpira na kizito ya risasi ya gramu 20 hivi. Ikaenda chini, kisha kamba, badala ya kulegea, ikaanza kutembea kushoto, polepole, bila kutikisika. Nikainua. Fimbo ikakunjama ku sehemu ya juu tu, chini ikabakia imenyooka mu mukono yangu sawa haijasikia kintu, kamba ikalia juu ya mabua, na makobo ikatoka, ikapita juu ya matete yenye kuvunjika, ikaanguka ndani ya pirogue ku miguu ya yule bwana wa ngombe. Ndobo ilikuwa imeingia juu ndani ya mudomo, fasi ya mufupa. Hakuna mwenye alisema kintu. Mwenye kupiga kasia tu njo alicheka. Na wiki ile ile, yule bwana alinitumia ujumbe: "Eh, ile fimbo yako ni marque gani?" Bado sijamujibu. Basi asome hapa sawa bantu bote.

Marque si kintu ya kwanza. Kintu ya kwanza ni fasi fimbo inakunjama. Mu matete unakuwa na sekunde moja, haizidi, ya kuinua kichwa ya samaki mbele haijazunguka bua, na kama fimbo inakunjama mpaka katikati, ile sekunde imeisha, samaki ameshafunga kamba mara mbili na wewe unavuta majani. Kwa hiyo mu duka, usiitikise hewani sawa bale babwana, kutikisa haikuambie kintu. Funga kamba ku ncha, mupe rafiki avute chini, wewe inua. Sehemu ya juu, theluthi moja hivi, ikunjame haraka. Kutoka pale kushuka, ikatae. Balobi ba Marekani banaandika hii juu ya fimbo karibu na mashini: F ao XF ni ya kukunjama ncha tu, na herufi ya ngufu ni MH (ngufu ya katikati), H (ngufu), XH (ngufu zaidi). Tafuta H na F. Kama unaloba na chambo nyepesi mu majani laini, MH inatosha. Na usichanganye hizi mbili, juu ngufu na fasi ya kukunjama ni maneno tofauti, kuko fimbo ya ngufu sana yenye inakunjama yote mpaka mukono, ile ni ya kazi ingine.

Pembeni utaona namba zingine, uzito wa chambo na ngufu ya kamba. Chambo gramu 14 mpaka 42, ao imeandikwa 1/2 mpaka 1 1/2 oz, pale uko mu nyumba yako. Kamba tunatumia ya kusuka, libra 50 mpaka 65. Lakini jua, kamba ya kusuka haivutike, haina huruma, kila mushtuko unaenda mu fimbo na mu mudomo ya samaki, kwa hiyo ile ncha yenye kukunjama iko pale juu ya sababu. Fimbo yenye haikunjame popote ni mti tu.

Urefu: metre 2.20 mpaka 2.30. Murefu zaidi ni muzuri kwa flipingi juu unafikia mbali na unainua samaki sawasawa juu ya majani, lakini kwa pichingi inakuwa ngumu, ncha inagonga mayi ukiwa umeikaa chini mu pirogue. Mi niko mufupi, naenda na 2.21. Mutu murefu achukue 2.28. Nataka fimbo moja ifanye kazi mbili, sina jeep ya kubeba kumi.

Pete sasa, zile kamba inapita ndani yake. Hapa njo bananyang'anya bantu. Beba kotoni ya masikio mu mufuko, ndiyo, mu duka, usione haya, mi walishanicheka hata pale. Pitisha kotoni ndani ya kila pete, uizungushe. Ikiacha nyuzi, pete iko na ufa, na ufa itakata kamba ya kusuka siku yenye samaki ni kubwa, si siku ingine. Kisha weka jicho nyuma ya mashini, angalia pete zote kama ziko mu mustari moja. Zile karibu na mukono ziwe na miguu mbili, si moja. Fasi ya kufunga mashini, funga kabisa, ikitikisika hata kidogo, rudisha.

Mushiko iwe murefu, ilale chini ya mukono mpaka karibu na kiwiko, juu unainua na mukono yote, si na kifundo tu. Liege (ile ya vizibo vya chupa) ao povu nyeusi, chagua yenye unapenda, mi sina shida, lakini liege yenye imejaa tope la kufunika matundu, hapana. Na usipime uzito bila mashini. Funga mashini, weka kidole mbele yake, fimbo ilale sawa. Ncha ikianguka sana, saa sita ya mchana mukono itakuomba ruhusa.

IM6, IM7, IM8, zile herufi banakuonyesha ili utoe franga? Ni majina ya kaboni ya kampuni moja ya Marekani, Hexcel, kisha kila fabriki ikaanza kuziandika ginsi inataka. Usilipe juu ya herufi. Kaboni ngumu sana ni nyepesi lakini inapasuka ukiigonga ku ukingo wa pirogue, na sisi tunagonga, tuseme ukweli. Yenye imechanganywa na faiba ya glasi ni nzito kidogo, inavumilia. Na dolari mia, mudogo, unaweza, usisikilize benye banasema bila mia tatu haulobe.

Vipande: kimoja njo muzuri. Mbili ni sawa kama kiungo inaingia vizuri bila kucheza. Kuko pia zenye sehemu ya chini inaingia ndani ya mushiko, ile ni kwa usafiri na haina ubaya. Lakini ile yako ya vipande saba, hapana, hapana tena. Kwa taxi-bus mpaka Likasi, nunua tiyo ya PVC ya mayi ku kenkayeri (duka ya vyombo vya ujenzi), funga mwisho mbili na matambara. Dereva atakulipisha kiti ya pili. Lipa, usigombane, fimbo yenye inatoka mu dirisha inavunjika ku barrière ya kwanza.

Kintu ingine moja, juu mvua inakaribia: kaboni inapitisha umeme. Ukiona wingu jeusi upande wa Likasi na ukasikia ngurumo, shusha fimbo, toka ku mayi, usisimame chini ya waya ya umeme ya SNEL na metre mbili ya kaboni juu ya kichwa. Makobo itakuwepo kesho.